Paka Hakula Halua

Pangani, 26 Aprili 2025

Wifi Najat,

Assalamu alaykum. Mimi sijambo, sijui nyinyi huko Nguvumali. Namba yako nimeiblock na sijutii, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wa Rama, kondakta.

Halua uliyomletea mama ilifika. Aliila juzi baada ya chakula cha mchana, akajilaza. Alasiri namkuta kichwa kinamgonga, anatapika, maneno hayaeleweki. Nilipomtoa nje barazani akapata nafuu. Jana tena vilevile. Wifi, umetia nini humo? Wewe na kaka Ayubu mlitaka kumhamishia mama mjini, nikakataa. Sasa mjue, nyumba hii haiuzwi hata mama akitangulia.

Wifi yako,
Mwanasiti

Nguvumali, 29 Aprili 2025

Wifi Mwanasiti,

Wa alaykum salaam. Hapa tu wazima, ila barua yako imeniuma sana. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Halua hiyo nusu tumeila sisi na watoto, na hakuna aliyeumwa. Kama huiamini itupe, sitakasirika. Nitakasirika, lakini itupe. Ila nijibu haya: mama analala chumba gani mchana? Mlango unafungwa? Na jiko la mkaa mnaliweka wapi mvua ikinyesha?

Wifi yako,
Najat

Pangani, 3 Mei 2025

Wifi,

Salamu nakupa, ingawa moyo hautaki. Mama hali yake ni ile ile.

Sasa umeanza kuulizia vyumba na milango. Unampimia nani nyumba? Lakini sina la kuficha. Mvua hizi zinamuumiza mama miguu, kwa hiyo nikishapakua namwingizia jiko kando ya kitanda, mkaa umeshashika, hauna hata moshi. Nafunga mlango joto lisitoke. Mama mwenyewe alimfanyia bibi hivyo hivyo.

Halua nimeifungia kabatini, ufunguo uko kiunoni kwangu, na jana mama kazidiwa. Basi kuna mtu umemtuma anapuliza kitu dirishani. Chandarua kimeungua pembeni. Paka anayelala miguuni kwa mama alitoka anayumba, siku hizi haingii kabisa. Kesho mama akishakula nitaziba kila upenyo kwa kanga, nikae naye humo na mchi wangu. Huyo mtu wako aje.

Mwanasiti

Nguvumali, 4 Mei 2025, asubuhi

Wifi, leo sina nafasi ya salamu. Paka hakula halua. Ni jiko. Mkaa ulioshika hauna moshi lakini unatoa sumu isiyo na harufu, na chumba kikifungwa inawalaza watu wasiamke. Hasina, jirani yetu hapa, alitolewa chumbani hajitambui kwa jiko kama hilo. Litoe nje, fungua dirisha. Napanda basi hili hili la Rama. Najua utanifungia mlango, kwa hiyo karatasi hii nitaipitisha chini yake.

Najat

Pangani, 12 Mei 2025

Wifi yangu Najat,

Assalamu alaykum. Mama hajambo, jana katembea mpaka kwa jirani. Mimi kichwa bado kizito kidogo.

Karatasi yako nimeiona leo nikifagia kizingitini. Haikupita, maana chini ya mlango nako nilikuwa nimeziba. Rama ananiambia uligonga, ukaita, ukaenda jikoni kwangu ukachukua figa ukavunjia mlango, ukatutoa nje. Mimi nakumbuka mlango ukianguka, nikasema moyoni, huyo kaja. Nilitaka kukupiga, wifi, mkono ukakataa kunyanyua mchi. Mama alikuwa amelala kimya ubavuni kwangu nami nikidhani anapumzika. Kila nikiliwaza hilo nalia.

Jiko sasa halivuki uani. Mama namwekea chupa ya maji ya moto miguuni, dirisha liko wazi, paka amerudi. Mlango Ayubu atautengeneza akija.

Halua niliitoa kabatini. Nilikula mimi kwanza, nikangoja. Unanijua. Kisha nikampa mama, akaimaliza.

Namba yako nimeifungua. Piga, mama anataka kukusikia. Na mimi pia.

Wifi yako,
Mwanasiti