Mlima Mgongoni, Maji Miguuni

Arusha, upande wa Akheri

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu kutoka huku mbali. Je, kifua kimekuachia? Mvua zimefika huko Bonde, au bado mnatazama mawingu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ni kali, asubuhi vidole vinakataa kushika nyundo. Mdogo wangu Sefu anayekusomea barua hii asome polepole, wala asiruke neno, maana nina habari kubwa.

Kazi ya uashi kule bomani kwa Wadachi ilikwisha, nikapata kazi nyingine kwa Mchina. Bila shaka unawakumbuka Wachina, wale waliosuka nywele mkia mmoja, waliopita kwetu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Usambara. Wengi walikufa kule kwa homa. Huyu alibaki, akapanda huku kwa miguu, na sasa analima mboga. Jina lake ni Lin, lakini watu wa hapa humwita Mzee Lini. Wakipita humuuliza kwa mzaha, "Lini?" Naye hujibu, "Leo!"

Aliniajiri nimjengee bustani. Nilidhani ni matuta ya kabichi tu. Siku ya kwanza akanisimamisha mbele ya nyumba yake, akatoa dira ya mti yenye maandishi, duara ndani ya duara, akasema, "Mhina, tazama nyuma yangu."

Nyuma yake ulikuwa mlima Meru, mama. Sina maneno ya kukueleza ukubwa wake. Unajaza upande wote wa kaskazini, na wingu likiondoka kileleni unajikuta umenyamaza kama mtu aliyeingia mahali pa sala.

Akasema kwao kuna elimu iitwayo upepo na maji. Baba yake alimfundisha kwamba makao mema yana mlima mgongoni, kama kiti chenye egemeo, na maji miguuni. Mashariki pawe juu kidogo, ndipo penye joka la kijani. Magharibi pawe chini, ndipo alipolala chui mweupe. Njia isinyooke kama mshale, izunguke, ili baraka isipite mbio. "Nilipofika hapa mara ya kwanza," akasema, "nilikuta yote yapo isipokuwa maji. Nikakaa chini nikalia."

Bustani hii ni ya mdogo wake, aliyekufa Usambara akazikwa shimo moja na wenzake. Mzee Lini hana mtoto, na kikohozi kinamla. Alitaka roho ya ndugu yake ipate mahali pa kutulia kabla naye hajaondoka.

Basi nikachimba bwawa lenye umbo la nusu mwezi mbele ya nyumba, nikalipangia mawe. Maji yangetoka kwenye mfereji wa Wameru huko juu, na yangepita katika migomba ya jirani, mjane aitwaye Ndeshi. Tukaenda kumwomba. Akakataa.

"Hapo amelala mume wangu," akasema, akionyesha mahali palipozungukwa na masale, ile mimea ya majani marefu ambayo watu wa huku huiheshimu. "Alikufa mwaka wa vita. Nanyi mnataka kumpitishia maji kifuani?"

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Mzee Lini hakubishana. Aliomba ruhusa ya kukaa pale, akakaa mpaka jua likawa utosini, anatazama ardhi na kukohoa. Kisha akainuka, akachora kwa fimbo mstari mrefu uliopinda, unaozunguka kaburi kwa mbali, kama mkono unaomkumbatia mtu.

"Maji yakimchoma maiti ni laana," akasema. "Yakimkumbatia, analala vizuri. Kwetu ndivyo ilivyo."

Ndeshi akamtazama sana. "Kumbe na kwenu wafu wana heshima?"

"Wana heshima kuliko sisi, mama."

Yule mama akaingia ndani. Akatoka na jembe, akaanza kuchimba yeye mwenyewe.

Mama, siku tuliyofungulia maji sitaisahau. Yalishuka polepole, yakizunguka kaburi, yakapita kwenye migomba, yakaingia bwawani bila kelele. Tukasimama ng'ambo ya bwawa tukisubiri yatulie. Mara wingu likafunguka, na Meru yote ikaingia ndani ya maji yale madogo, kilele chake kikielekea miguuni petu. Mzee Lini akaita jina la ndugu yake kwa sauti, kwa lugha yao. Ndeshi naye akaita la mumewe. Hakuna aliyelia. Walikuwa kama watu wanaoita wenzao kuja kula.

Kisha mzee akanigeukia. "Na wewe, una nani?"

Nikasema baba. Nikamweleza kwamba alikwenda kuchukua mizigo ya Wadachi, wapagazi wenzake wakarudi, yeye hakurudi, na hakuna ajuaye alipolala.

"Tumweke wapi?" akaniuliza.

Nikachagua jiwe zuri, nikalisimamisha upande wa mashariki, ulio juu. Mama, nikaita jina la baba. Niliita kwa nguvu, nami sikuwa nimelitamka tangu utoto.

Najua hukukubali tuweke matanga, kwa kuwa bado unamngoja. Sikukuomba ruhusa. Ukisema niliondoe, nitaliondoa siku hiyo hiyo. Lakini ukikubali, weka matanga, nami nitashuka kuja kuketi karibu yako.

Nisalimie mjomba mwenye mbuzi, na dada yangu aliyeolewa Muheza, na jirani yetu mfinyanzi. Bibi mzaa baba, mpelekee habari hii wewe mwenyewe, umshike mkono, usimwachie mtu mwingine amwambie.

Mwanao akupendaye,
Mhina