Mama, Usifunge Alhamisi

Nairobi, sokoni
Ijumaa jioni

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, maana najua ukishika barua huwa unasimama mlangoni kana kwamba imekuja kukufukuza. Keti kwanza. Mwenda yuko hai, anaongea, na sasa hivi ananiudhi. Hiyo nimeitanguliza ili usihangaike kuitafuta huko chini. Je, bega lako linaendeleaje? Baridi ya Kibirichia imelegea, au bado unalala na soksi mbili? Na zile waru, viazi vyako vya shamba la chini, umeshapalilia?

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru cha kuandika kilinishinda tangu darasa la pili, na pia kwa sababu najua atakayekusomea ni jirani yetu Mwalimu Kanana. Mwalimu, hujambo? Tafadhali soma yote, hata pale ninapogomba. Usiruke.

Nianze kwa kugomba ili nimalize. Barua yako ya mwisho ilikuwa kurasa tatu. Nimeihesabu. Mungu ametajwa mara kumi na nne, na ni haki yake. Mwenda ametajwa mara tisa. Gatwiri ametajwa mara moja, na hiyo moja ni juu ya bahasha. Mama, mimi ndiye ninayelala kwenye mkeka ili mdogo wangu alale kitandani. Mimi ndiye ninayepanga naye foleni tangu saa mbili asubuhi, kisha narudi kufungua vibanda vyangu vitatu wakati wateja wameshakwenda kwa jirani. Nilikuja mji huu na magunia mawili ya waru na anwani ya mtu ambaye nilikuta ameshahama. Hakuna aliyenishika mkono. Sasa nyumbani wanasema Gatwiri amepoteza imani kwa kuwa anauza mpaka Jumapili. Na Kinoti, mtoto wako wa kwanza, hajakanyaga hapa hata siku moja kwa sababu mbuzi wake hawana mchungaji. Mbuzi wanne!

Haya, nimemaliza. Nimesema ili isinivimbie tumboni. Sasa nikueleze mambo yalivyo.

Unakumbuka daktari alisema ile kansa ya tezi za shingo inatibika, lakini kwa dripu sita, kila baada ya siku ishirini na moja, siku ya Alhamisi. Alisema pia kuwa dawa inapimwa kulingana na uzito wa mgonjwa. Mimi nikisikia uzito nimefika nyumbani. Kila Jumamosi namkanyagisha Mwenda kwenye mizani ya magunia. Najua hupendi mtu ahesabiwe wala apimwe. Karani wa kuhesabu watu alipokuja ukamjibu kwamba watoto wako ni wa kutosha, akaondoka bila namba. Lakini hapa bila namba hatuendi. Alipofika alikuwa kilo sitini na tatu. Baada ya dripu ya kwanza, hamsini na tisa. Wale vijana wa kubeba magunia humwuliza, "Mwenda, leo umekuwa saizi gani?" naye hujibu, "Nimekuwa ya mbegu. Msinipike, nipandeni." Soko zima linacheka. Mimi hugeuka nikapanga vitunguu.

Dripu ya pili ilimpiga vibaya. Alitapika siku tatu. Wiki ilipotimia aligeukia ukuta akaniambia, "Dada, nirudishe nyumbani nikae nikiangalia mlima. Nimechoka." Nikamwambia zimebaki nne tu. Nikamchorea kwenye karatasi vijiti sita, nikakata viwili. Hakuvitazama. Nikamwambia habari ya chuo, kwamba nafasi yake ya ualimu wamemwekea. Mama, mimi kwa hesabu zangu zote nilikuwa nimeishiwa.

Kisha akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Leo ni Alhamisi?"

"Ni Alhamisi."

Akasema, "Basi sasa hivi wananitaja." Akajiinua, Mama, akaketi vizuri, akavaa ile kofia ya sufu uliyomfumia, kama mtu aliyesikia wageni wakibisha hodi. Alikaa hivyo nusu saa. Kisha akaomba supu.

Siku hiyo nilijua kuna kitu mnachompa ninyi mkiwa huko mbali, wewe na akina mama wa maombi, ambacho mimi niliye naye chumbani sina. Sikulisema wakati ule kwa sababu nilikuwa na hasira na Kinoti. Nalisema sasa. Asante, Mama. Waambie wote asante, mmoja mmoja kwa jina lake. Kama si ninyi, vile vijiti vingebaki bila kukatwa. Na Mungu namshukuru, hata kama namshukuru nikiwa nimesimama nyuma ya meza ya vitunguu.

Sasa ndio nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja mwisho wa mwezi.

Jana ilikuwa siku ya dripu ya nne. Niliamka nikapika uji wa wimbi, nikachemsha mayai mawili, nikamwekea mezani, nikatoka kumpokea dereva wetu Mugambi na lori. Nilirudi nikakuta kikombe kitupu na maganda ya mayai. Nikafurahi. Tukaenda hospitali. Tukakaa kwenye benchi karibu na Mama Wanja, mama mmoja wa Siakago, kule chini Embu, anayemleta binti yake kwa ugonjwa kama huu wetu. Walipoita jina la Mwenda alisimama, akachukua hatua mbili, akaanguka kama gunia lililofunguka kamba.

Nesi akaja mbio. "Huyu amekula?"

"Amekula uji na mayai mawili," nikasema mimi, kwa sauti, maana nilikuwa na uhakika.

Mwenda akafungua macho pale sakafuni. "Sijakula, Sista. Tangu jana jioni."

"Na maganda?" nikamwuliza.

"Mayai nilimpa mlinzi wa soko. Hata uji ni yeye alikunywa. Anausifu sana, Dada."

Mama, karibu nimpige pale pale mbele ya wagonjwa. Nesi alimkaripia kwa niaba yangu. Daktari akampima: kilo hamsini na mbili. Akakataa kumpa dripu. Akasema arudi Alhamisi ijayo akiwa ameshiba na uzito haujashuka hata kidogo, na kwamba akiendelea hivi itabidi waisimamishe dawa, maana mwili hauna pa kuishikia. Dawa ikisimamishwa katikati, ugonjwa hausimami nayo. Hayo ni maneno ya daktari. Sijaongeza langu.

Ndipo Mwenda akanieleza. Mara zote nne alifunga, kuanzia Jumatano jua likizama mpaka tutoke hospitali. Kwa nini? Kwa sababu uliandika kwamba wewe na akina mama mnafunga siku hiyo kwa ajili yake. Na tarehe mlizipata wapi? Kwangu. Mimi ndiye niliyezipanga vizuri kwenye karatasi, nikapiga mistari kwa rula, nikampa Mugambi awaletee. Kwa hiyo sehemu ya kosa hili ni yangu, naibeba. Lakini mbaya zaidi ni hii: siku mbili tatu baada ya kila dripu, akipata nafuu ya kutapika, bado alikuwa anakula kidogo kidogo akisema eti Mama huenda hajapata nguvu.

Nilimwambia, "Wewe ni mgonjwa. Mgonjwa hafungi. Hata kanisani wanasema."

Akanijibu, "Dada, mimi nimepewa jina la nani?"

"La babu, baba yake Mama."

"Na Mama huniita nani?"

Tangu akiwa mgongoni kwako hujawahi kumwita Mwenda. Unamwita Baba. "Baba, njoo ule. Baba, umevaa viatu?" Hata ukimchapa ulikuwa unamchapa ukiomba radhi.

Akasema, "Basi niambie. Ni baba gani anakaa mezani akila mayai, na mtoto wake yuko Kibirichia hajatia kitu mdomoni tangu jana?"

Mama, mimi nimebishana na madalali, na karani wa ushuru, na mwenye nyumba. Kwa hili nilimgeukia mwenzangu wa benchi. Mama Wanja ndiye aliyejaribu. Alikuwa amesikiza yote, akamwambia, "Kijana, kwetu Siakago mvua ikikosa tunafunga bila kupenda, wazee kwa watoto. Mimi njaa naijua kama shemeji. Sijaona ikimnenepesha mtu. Mama yako akijua umeanguka hapa, unafikiri atakushukuru?"

Mwenda akasema, "Hatajua."

"Na huyu dada yako mdomo wake umefungwa?"

Haukufungwa, kama unavyosomewa.

Nikuambie pia dhambi yangu. Asubuhi ya leo nilijaribu kumdanganya. Nilimwambia nimepata habari kuwa jana hamkufunga, kwamba mlikula vizuri.

"Mama alikula nini?"

"Mukimo wa waru na mahindi."

"Nani aliponda?"

"Yeye mwenyewe."

"Na lile bega?" Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, wewe uza waru. Uongo waachie wenye kipaji."

Kwa hiyo njia ya uongo imefungwa. Hatakula kwa maneno yangu. Atakula akijua kwa kweli kwamba wewe umekula, na anajua wewe hujawahi kumdanganya hata siku alipokuuliza kama sindano inauma.

Najua ninachokuomba si kidogo. Umefunga tangu nikiwa mtoto. Ulifunga Kinoti alipokuwa na surua, ulifunga mwaka ule baridi kali ilipochoma waru zote, na mimi nilipopanda lori kuja huku ulifunga siku mbili, hata kama hukunieleza. Mwalimu Kanana ndiye aliyenidokezea. Ni namna yako ya kutushika mkono mahali mkono haufiki. Siwezi kukuambia imani yako ni kosa, kwa sababu niliona alivyojiinua kitandani saa tisa. Nasema tu kwamba wiki ina siku saba. Fungeni Jumatatu. Fungeni Jumanne mpaka jioni. Mungu hawezi kupotewa na hesabu kwa sababu mmebadilisha siku. Lakini kuanzia Jumatano jioni mpaka Alhamisi jua lizame, kuleni, wewe hasa, na saa tisa mtajeni jina lake mkiwa mmeshiba. Saa tisa msiiondoe. Hiyo anaihitaji kama ile dawa.

Mugambi anaondoka kesho asubuhi kuja kupakia, kwa hiyo barua hii utakuwa nayo kabla ya ibada ya Jumapili. Anarudi huku Jumatano. Mwalimu, tafadhali mwandikie Mama jibu, maneno machache tu, nini atakula na saa ngapi. Usirembe. Mwenda atauliza maswali.

Dripu zimebaki tatu. Nesi ameniambia uvimbe wa shingoni umepungua sana. Mimi mwenyewe nimeutafuta kwa kidole nikakosa mahali ulipokuwa. Tukizimaliza hizi tatu, atarudi kwako kwa miguu yake.

Nisalimie shangazi wa Kiirua na umwambie yale maziwa ya mtindi aliyotuma yalifika, na kwamba ndicho kitu cha kwanza Mwenda hakutapika. Nisalimie akina mama wote wa maombi, pamoja na yule aliyesema nimepoteza imani. Mwambie imani hiyo ikipatikana nitamletea khanga. Nisalimie mke wa Kinoti na watoto, wa kutosha wote. Kinoti mwenyewe msalimie pia, umwambie simchukii. Umwambie mdogo wake akimwona atakula sahani mbili, na mbuzi wanne wanaweza kufungwa kamba siku mbili bila kufa.

Alhamisi, saa moja kamili asubuhi, nitaweka uji na mayai mbele yake, na safari hii sitatoka kumpokea mtu yeyote. Saa hiyo hiyo, Mama, shika kikombe chako. Usimngoje yeye aanze. Kunywa wewe kwanza mpaka ushibe. Baba akishajua mtoto wake ameshiba, atakula.

Ni mimi binti yako,
Gatwiri