Mu bisi ya kwenda Beni

Butembo, siku ya ine, magaribi

Hakuna hata mutu moja mwenye alisema: "Tunamujua."

Tulikuwa tunaenda Beni kwa stage, mazoezi ya kazi ya juma moja, darasa lote mu bisi moja. Kwa barrière, pale waaskari wanasimamisha magari, askari moja alisikia Swahili yangu ya Bujumbura, akanizania mutu wa adui.

"Weye dada, shuka!"

Nilimuonyesha carte ya université, hakuiangalia. Nikamugeukia Masika, mwenye tunalala naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Akaangalia chini.

Nikashuka, bisi ikaenda bila miye. Nikarudia Butembo na pikipiki, nikilia mu vumbi.

Bila stage sitapata diplôme. Mama nitamwambia nini?

Sasa hivi Masika ameniandikia: "Ulifika Butembo muzuri, dada?"

Nimemujibu ndiyo. Juma ijayo atarudi mu chumba chetu. Sijui kama nitamugeuzia uso ao mugongo.