Kubonyeza Mara ya Pili

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Tunduma tu wazima, na baba yako amemaliza kuvuna mahindi Ihanda. Unauliza kesi za hataza, makampuni yakigombea nani alivumbua programu, zinamhusu nini mtu anayefungua kivinjari tu.

Marehemu babu yako alipopasuliwa Lusaka, shangazi yako Tumaini alimrekodi sauti, akaiweka kwenye tovuti ya kwaya yao. Nikaenda intaneti kafe. Tulikuwa tumefundishwa kubonyeza mara moja na kusubiri, maana mtandao ulikuwa mzito. Nikabonyeza, nikasubiri robo saa. Kimya. Nikajua wananificha msiba.

“Mama, bonyeza tena, kitufe haking'ati,” akasema mwenye kafe. “Huko Marekani kuna anayedai mahakamani kuwa ubunifu wa kucheza sauti ndani ya ukurasa ni wake. Wenye kivinjari wamemkwepa wasimlipe: mbonyezo wa kwanza unaamsha tu, wa pili ndio unatoa sauti.”

“Mimi na kesi yao wapi na wapi?”

Nikabonyeza. Babu yako akakohoa, akasema, “Mama Tumaini, nimeamka. Nina njaa.”

Wale wagomvi hawakunijua, Neema, lakini walinifanya mjane kwa robo saa. Sasa mimi ni mjane kweli, na robo saa ile bado inanitisha.

Bibi yako