Kabati Hili Silikati Mabega

Suna, Migori

Kwa Baba yangu,

Mbita mnaendeleaje? Kifua chako kimetulia, au bado unavuta vumbi la mbao bila kitambaa puani? Mimi ni mzima, nakula, nafanya kazi. Naandika kwa sababu simu unanikatia kabla sijamaliza kusema. Karatasi huwezi kuikatia, na ukisema huna miwani, Mama atakusomea.

Najua umeshaambiwa habari ya kabati. Acha nikwambie mwenyewe. Mama mmoja mwenye hoteli hapa Suna alitaka nimtengenezee mashine ya gemu, wateja wacheze wakingoja chakula. Skrini nilitoa kwenye kompyuta kuukuu, vitufe nikanunua. Ikabaki kuchagua kabati. Yeye alitaka la meza, skrini ikilala chini ya kioo. Nikamwambia hapana, watu watakulia samaki hapo juu na mchuzi uingie ndani. Lile dogo la kuweka kaunta nalo mwizi atalibeba kwapani. Nikachagua la kusimama, urefu wa mtu, wawili wacheze wakisukumana.

Sasa Baba, kukata kitu cha urefu wa mtu nilijifunza wapi? Si kwako? Miaka yote nikifagia maranda nilikuwa naangalia unavyokata majeneza, mabegani mapana, miguuni membamba. Ulisema binti hashiki msumeno wa jeneza, lakini macho hukunifunga. Mkono ukaenda wenyewe. Nikapaka vanishi, nikalilaza nje juu ya stuli mbili likauke, nikaenda kununua bawaba.

Kurudi, nakuta jirani amevua kofia. Mwingine ameleta sukari na majani chai. Mama wa nyumba ya tatu anapiga nduru, anauliza ni nani ametuacha. Haki, sikujua nicheke au nilie. Nilizunguka nikirudisha sukari ya watu.

Mwenye hoteli akakataa kulichukua. Halafu wewe ukamtuma kaka aniambie nilikate mabega liwe meza, la sivyo nisikanyage kwako, eti jeneza lisilo na maiti linaleta chira, laana ya kuvunja mwiko. “Mwambie achague,” ulisema.

Iliniuma, Baba. Iliniuma kwa sababu hata hukuuliza viungo vimekaaje. Vimekaa. Hakuna msumari unaoonekana.

Basi nimechagua. Hili si jeneza, lina waya, lina taa, linapiga kelele. Nimelisimamisha barazani kwangu na Jumamosi nafungua biashara mwenyewe. Jana nililiwasha kulijaribu, na yule mama wa nduru akacheza hadi ugali wake ukaungua. Hakuna aliyekufa. Mabega yatabaki vile vile.

Msalimie Mama, na shangazi yangu muuza omena. Nyanya mwambie namkumbuka kila siku. Kaka naye mwambie akitumwa tena aje kwanza aone kwa macho yake.

Krismasi nakuja. Kabati sitalileta, hilo nakuheshimu. Lakini mikono iliyolitengeneza nitakuja nayo, na nikifika mlangoni nitakunyooshea, uipokee au uiache hewani mbele ya watu.

Binti yako,
Akinyi, fundi