Boriti ya Kanisani

9 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Salamu nyingi, na zikikukuta unakula, maliza kwanza. Mimi ni mzima kiasi kwamba daktari wa zahanati akiniona anavuka barabara, anaogopa nitamharibia kazi. Mama yako mzima. Baba yako nadhani mzima pia, maana Jumapili namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Ukuta gani? Ndiyo habari yenyewe. Ule ugomvi wa ngoma kanisani haukuisha ulipoondoka. Sisi tunataka ngoma, baba yako na wenzake wanataka nyimbo za kitabuni, polepole, bila hata kupiga makofi. Tumekaa vikao mpaka mabenchi yakachoka. Hakuna upande wenye uwezo wa kujenga kanisa lake, na hakuna uliokubali kusali saa nyingine. Basi likaja wazo: tuligawe hili hili. Na nani wa kuligawa kama si mjomba wako?

Nimesimamisha ukuta wa plaiwudi kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, katikati kabisa, pale palipokuwa na njia. Nzi hapiti! Juu ilinibidi nikate ile boriti inayovuka kanisa, ilikuwa inanizuia kufika kwenye paa. Nimeikata kama mkate. Watu wakasema huyu akipewa bahari ataigawa tena.

Mchungaji ni yule yule mmoja. Anahubiri kwetu, wale wanaimba. Kisha anatoka nje, anazunguka, anaingia kwao akihema. Amepungua, lakini amekuwa mwepesi. Mama yako amegoma kuchagua, anakaa nje kwenye ngazi ya mlango, sikio moja huku, jingine kule.

Baba yako na mimi hatupasui tena mbao pamoja. Ule msumeno wetu wa watu wawili uko kwangu. Tupa ya kuunolea iko kwake. Akiutaka msumeno anajua ninapokaa.

Mjomba wako,
fundi wa mafundi

20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta salama na bado unawatisha madaktari. Mimi sijambo. Kiwandani tunashona sare za shule, vidole vinauma lakini kazi ipo.

Nina habari njema: mchumba wangu, Dereva, amekuja rasmi kwa baba na wamekubaliana. Nataka nifunge ndoa mwezi wa saba, katika kanisa nililobatizwa. Tangu utotoni nimejiona nikipita katikati ya kanisa lile, baba mkono wa kulia, wewe wa kushoto. Sasa unaniambia katikati pana plaiwudi. Nitapita wapi, Mjomba? Nitambae juu ya ukuta na gauni?

Nimemwandikia baba kumuuliza. Amejibu mstari mmoja: "Muulize mjomba wako."

Halafu hiyo boriti. Mimi nimekulia kwenye vumbi la mbao zenu. Baba alinionyesha nikiwa mdogo: boriti ile ndiyo inayoshika kuta mbili za kanisa zisiachane. Umeikata kweli, au ni zile hadithi zako?

Mpwa wako akupendaye

2 Aprili

Sindano,

Hongera! Nimefurahi mpaka nikamkumbatia muuza mkaa, sasa shati langu halitakati. Mwambie huyo Dereva kwamba mimi niliwahi kuzuia lori kwa bega, likiwa linateremka mlima, limejaa mawe. Akuchezee aone.

Kuhusu njia, usihangaike. Utafunga ndoa upande wetu, wenye ngoma. Baba yako atakuwa pale pale nyuma ya ukuta, atasikia kila kitu. Kusikia si sawa na kuwepo?

Kuhusu boriti, mwanangu, mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu aliniomba, wenzangu nao wapate nafasi ya kujibu maswali. Usinifundishe paa. Nimeezeka nyumba ambazo upepo ukifika unabisha hodi. Baba yako alikufundisha mambo ya shimoni, huko anakosimama yeye tukipasua gogo. Mimi nasimama juu. Wa juu ndiye anayeona.

Mjomba

14 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hujambo? Sitaandika mengi.

Sitaki ndoa ambayo baba yangu anaisikiliza kupitia plaiwudi. Wala upande wa baba sitaolewa, wewe ukiwa unapiga ngoma kule kutuonyesha kwamba upo. Mnasema wote mmempokea Kristo, na yeye amewapokea wote wawili, mmoja na kelele zake, mmoja na kitabu chake. Ninyi kupokeana ndiyo kumeshindikana.

Dereva ana kanisa lake huku. Tutafunga ndoa hapa. Nitapita peke yangu.

Ila tafadhali, panda ngazi utazame kuta zinapokutana na paa. Mama anakaa mlangoni pale.

Mpwa wako

25 Mei

Mjomba,

Uko salama? Mwezi umepita bila jibu, na wewe hata ukiumwa na mbu huwa unaandika kurasa tatu. Nasikia mvua huko ni kubwa. Baba naye kimya. Kama ni hasira, andika hiyo hasira, nitaisoma. Kama ni jambo jingine, niambie.

Mpwa wako

11 Juni

Sindano wangu,

Sote wazima, mama yako hata chafya hana. Tumshukuru Mungu kwanza, kisha nikueleze.

Ile barua yako ya pili niliichana. Kisha nikaiunganisha kwa gundi ya mbao, ndiyo maana sasa haikunjiki. Ngazi sikupanda. Nilisema, nikapande kutafuta nini?

Jumapili moja ikaja mvua ya upepo. Sisi tunapiga ngoma, wale wanaimba. Paa likalia, kraa! Nikaona ufa umeanzia juu ya dirisha, unashuka kama mtu anauchora. Lipu ikaanza kutuangukia. Watu wakakimbilia mlangoni, na mlango ule una mbao mbili, moja yetu, moja yao, kila moja na komeo lake. Yetu ikakwama. Nikasukuma kwa bega lile lililozuia lori. Wapi! Kisha nikasikia mtu anaivuta kutoka nje. Nani? Baba yako. Alikwisha kutoka kwao, akarudi kwenye mlango wetu.

Tukasimama uani tumelowa, wote pamoja, mara ya kwanza tangu ukuta. Hakuna aliyejua asimame upande gani, maana uani sikuwa nimejenga kitu. Mvua ilipopungua baba yako akaingia, akatazama juu. Nilimfuata. Ile boriti, vipande viwili, vimeachana mkono mzima. Nilimwona anatazama mahali nilipokata. Sindano, yule mtu anaijua mikato yangu kama ninavyojua kikohozi chake.

Wazee wa pande zote wakauliza kutoka mlangoni, "Fundi, kumetokea nini?"

Nikafungua mdomo. Unajua mdomo wangu haujawahi kukosa kazi. Siku hiyo ulikosa.

Baba yako akasema, "Boriti haipo. Ukuta huu wa mbao ndio umebeba paa kwa sasa, msiuguse. Mimi na shemeji tutapasua boriti nyingine."

Basi. Hakutaja aliyeikata. Alisema "tutapasua", na mimi miezi yote ile nilikuwa sijamsalimia.

Jioni akaja kwangu na tupa. Akakaa kwenye mlango wa karakana, akanoa msumeno jino kwa jino. Kesho yake tukaenda kwenye lile gogo refu lililolala nyuma ya nyumba yenu. Nikamwambia, "Panda juu wewe." Akasema, "Umeanza kuzeeka?" Nikasema, "Panda bwana, kabla sijabadilisha mawazo."

Nikashuka shimoni. Kumbe huko chini huoni mstari! Vumbi linakuingia machoni, puani, unavuta tu, unamwamini aliye juu. Miaka yote ile aliniamini hivyo, na mimi juu napiga hadithi. Aliimba wimbo wake wa kitabuni, ule wa kusinzisha. Nikitaka kuvuta haraka, msumeno unakwama. Nikamfuata mwendo wake mpaka gogo likafunguka.

Boriti imepanda. Plaiwudi imeshuka, nimetengeneza makabati ya vitabu vyao. Usidhani tumegeuka malaika. Baba yako bado anasema ngoma ni kelele. Mimi wimbo wa tatu bado nalala. Lakini tunakaa ndani pamoja, ngoma ikipigwa yeye anavumilia na kope zake zinatikisika, kitabu kikifunguliwa mimi najifinya. Mchungaji ameanza kunenepa.

Mbao za njia ya katikati nimezipiga randa mwenyewe, hata gauni la hariri halitanasa. Kama mmekwisha kupanga huko, sitakulaumu. Nitakuja kwa miguu, nisimame popote utakaponiweka.

Nimempa baba yako kalamu aongeze neno. Ameniambia nisisome.

Mjomba wako

Mwanangu, njoo na Dereva wako. Njia ni pana, tunaenea watatu. Mjomba wako huvuta vizuri sana akiwa chini. Usimwambie.
Baba