Miaka Kumi na Tatu ya Kuitwa Mrusi

Mama yangu kipenzi,

Ijumaa ulipokata simu nilibaki nimeishika vile vile, hata mume wangu akadhani uchungu umeanza. Nilikuwa nimekuomba kitu kimoja tu: uje Maskati ukae nami siku arubaini nikishajifungua, kama anavyokaa mama yeyote na mwanawe. Ukasema, "Shangazi yako yupo, anajua kila kitu. Miye huko sirudi." Basi nimekasirika. Nimewakasirikia watu wa huku, nimejikasirikia mwenyewe, na wewe pia, usinitolee macho. Barua hii naiandika wazi makusudi. Anayetaka kuisoma na aisome, na akijiona ndani yake, shauri yake.

Nakumbuka tulivyofika mwaka wa tisini na moja, mimi nina miaka kumi. Baba, kijana wa Unguja mwenye asili ya huku Oman, aliyekwenda kwenu Poland kusomea mashine za meli akaishia kuoa, alikuwa amepata kazi katika karakana moja ya mtaa wa Ghala. Tukapanga fleti Darsait, karibu na dada yake, shangazi Zuwena. Kwa kuwa ndugu wote wa baba nyumbani wanasema Kiswahili, ulijifunza Kiswahili kabla ya Kiarabu, ukawa unasema "miye" na "nshakula" bila ya kujikwaa. Ulidhani ukishaijua lugha watakuona mwenzao. Na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Kumbe walishakupa jina. Miaka ile wanawake wa Urusi na nchi jirani zake walikuwa wakija Ghuba kutafuta maisha, na watu wakamtia kila mwanamke mweupe mwenye nywele za manjano katika kapu moja: Mrusi, na Mrusi maana yake amekuja kujiuza. Unamkumbuka yule dereva wa teksi? Alitusikia tukizungumza kiti cha nyuma, akageuka huku anacheka. "Lo! Nyinyi Warusi siku hizi hata Kiswahili mnakijua? Wanakufundisheni hoteli gani?"

"Miye Mpolandi," ulimwambia. "Huyu mwanangu. Tushushe hapa hapa."

Tukatembea mpaka nyumbani kwenye jua la saa saba, mifuko ya sokoni inatukata vidole. Nilikuuliza kwa nini hukunyamaza tu tukafika. Ukanijibu kwamba Mrusi naye ni mtu, hata huyo anayekaa hoteli ni mtu, lakini wewe una kwenu na kwenu kuna jina lake. Siku hiyo sikukuelewa. Miguu ilikuwa ikiniuma.

Halafu ikaja ile kadhia ya sahani. Kwenu, usiku mmoja mkubwa wa mwaka, watu huweka mezani sahani moja zaidi kwa ajili ya mgeni atakayebisha hodi bila ya kutarajiwa. Ulipoingia katika Uislamu uliacha mengi, lakini hilo uliona halina ubaya, ukalihamishia kwenye futari. Kila Ramadhani, sisi watatu, sahani nne. Baba alilipenda sana jambo hilo, akisema huo ni ukarimu wa Kiarabu umepitia barafuni. Shangazi Zuwena alipokuja kufuturu kwetu mara ya kwanza ulimuwekea sahani yake, na bado ikabaki moja tupu. Aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Wifi, hii unamtilia nani?"

"Mgeni," ukasema. "Labda atakuja."

"Mgeni gani huyo asiyeonekana?"

Nilikuwa nimekaa katikati yenu. Nilikuwa naijua habari yote ya sahani, ulishanihadithia tangu mdogo, na kwa Kiswahili changu ningemweleza shangazi kwa dakika moja. Nikala sambusa. Haikupita wiki, ukoo mzima unajua kwamba mke Mrusi wa kaka yao analisha majini. Idi ile siku ya pili ulikesha ukipika biriani, wakaja wote na watoto wao, na wote, Mama, wote wakawa wamefunga, eti ile sita ya baada ya Ramadhani. Hata bibi mwenye sukari alikuwa amefunga! Ulifunika masufuria ukawaambia Mungu awakubalie. Mpaka leo nikilikumbuka biriani lile natamani kupiga mtu.

Sasa langu. Shuleni Ghubra nilipofika kidato cha kwanza niliwaambia wenzangu mama yangu ni Mjerumani. Mjerumani anatengeneza magari, hakuna anayemuuliza hoteli. Hata siku ya wazazi nilikuomba usije, ukaja, na mwalimu wa hesabu akakupokea kwa furaha: "Ahlan, ahlan! Nyinyi Wajerumani ndio mnaojua kuja kwa wakati." Wasichana wote wananitazama. Wewe uliyemsahihisha kila dereva na kila karani ulinitazama uso wangu, kisha ukamwambia, "Ndiyo, mwalimu, tunapenda wakati."

Ndani ya gari hukunigombeza. Ulisema tu, "Babu yako asisikie." Babu ambaye Wajerumani walimchukua wakati wa vita kumfanyisha kazi kwa nguvu, akarudi na vidole vitatu mkono wa kulia. Sijakuomba radhi kwa siku ile. Nakuomba leo, nimechelewa miaka kumi na mbili, na naona aibu mpaka masikio yananiwaka.

Baba alipofariki ulikaa eda yako yote, hukupunguza hata siku moja, na bado kwenye tanga wanawake walimuuliza shangazi pembeni kama unajua kusali. Nilisikia. Nikaendelea kugawa kahawa. Mwaka uliofuata, wa kumi na tatu tangu tulipofika, ulirudi kwenu, watu wakasema, "Si tulisema, ataondoka tu."

Leo asubuhi shangazi Zuwena amekuja na mkoba wake, pilipili manga, asali, kanga za kunifunga tumbo. "Nshakuja, mwanangu. Mamako ndo keshakwenda kwao, nnakulea miye."

Nikamwambia ahsante, lakini anayenilea ni mama yangu. Nikamwambia na mengine yote, sahani, biriani, kusali, yote, nimesimama na tumbo langu mlangoni. Alikaa chini akavua miwani.

"Mbona hakusema?" akauliza. "Miaka yote ile, wifi mbona hakutwambia?"

"Alisema, shangazi. Alisema kwa Kiswahili."

Mkoba ameuacha, mwenyewe amekwenda zake, na sijui kama tumegombana au tumeelewana. Siwezi kukwambia kwamba watu wamebadilika, kwa sababu hawajabadilika. Wiki iliyopita tu muuguzi kliniki aliliangalia jina lako kwenye faili langu akatabasamu lile tabasamu unalolijua.

Lakini uje, Mama. Daktari anasema bado wiki tatu. Nataka mikono yako, na nataka mwanangu akusikie ukimwimbia kwa Kipolandi kabla hajasikia watu wanakuitaje. Sikuombi uwasamehe, wala hutakuwa na kazi ya kumsahihisha mtu. Kaa tu umpakate mtoto. Mara hii nitajibu mimi.

Ni mimi, mwanao,
Raya